Na Chupa Yangu hadi Nandete

Pale Horohoro, upande wa Tanzania, afisa wa forodha aliichomoa chupa kutoka kwenye begi langu akaitikisa karibu na sikio.

"Nini hii, dada?"

"Maji."

"Mbona yana picha ya mtu?"

"Ni maji ya mchungaji."

Akanitazama, akaitazama ile picha, kisha akairudisha mahali pake taratibu kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Hakuuliza tena. Mie mwenyewe nisingekuwa na jibu. Nilikuwa nimetoka Mombasa alfajiri, ninaelekea Kilwa, na kutoka Kilwa nilikusudia kutembea kwa miguu kupanda vilima vya Umatumbi hadi Nandete, mahali palipong'olewa miche ya pamba Julai 1905 na vita vya Majimaji vikaanza. Nguo jozi tatu, raba, kitabu kimoja chembamba kilichochakaa, na chupa ya nusu lita ambayo sikuwa na nia ya kuinywa.

Kitabu nitakitaja, maana wasomaji wa hapa wengi wanakijua: *Kinjeketile* cha Ebrahim Hussein, tamthilia iliyotoka 1969. Mwandishi mwenyewe ni mzaliwa wa pwani hiyohiyo ya kusini. Tulikisoma nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu alikuwa na sauti nzuri na alipenda kusoma nafasi zote yeye mwenyewe, wanaume kwa wanawake. Alipofika pale watu wanapoamini kwamba maji yatazigeuza risasi za Mjerumani, darasa zima likacheka. Na aliyecheka zaidi ni mimi. Nakumbuka nilisema, "Mwalimu, hawa watu walikuwa wajinga jamani!" Mwalimu akasema tutarudi kwenye hoja hiyo. Hatukurudi. Kengele ililia, na wiki iliyofuata tukaanza ushairi.

Mamangu alifariki Machi 2019. Presha. Nilipofungua kabati lake baada ya arobaini nilikuta dawa za miezi mitano hazijafunguliwa, zimepangwa vizuri kwa mpira wa nywele, na kando yake chupa kumi na mbili tupu na moja iliyojaa. Kila chupa ilikuwa shilingi elfu tatu za Kenya. Jina la mhubiri aliyeziuza nitaliacha. Nilimchukia kwa miaka, na nitakuwa mwongo nikisema niliacha kumchukia mahali fulani njiani. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonila zaidi kuliko chuki: kile kicheko cha kidato cha tatu. Mamangu naye alikuwa mmoja wa "hawa watu". Alikuwa mwalimu wa hesabu.

Basi ndiyo sababu ya safari, kama mnataka sababu.

Historia yenyewe kwa ufupi, kwa ambao hawakubahatika. Mwaka 1904 mtu mmoja wa Ngarambe, Kinjikitile Ngwale (hivyo ndivyo wanahistoria wanavyoliandika jina lake), inasemekana aliingia kwenye dimbwi la mto, ndugu zake wakamtafuta wasimpate, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Akawa na habari kutoka kwa pepo Hongo na dawa ya maji, iliyochanganywa na mtama na mbarika. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe makundi kwa makundi, kutoka Umatumbi na Kichi na mbali zaidi, kwa mguu, usiku na mchana. Hiyo ndiyo safari iliyonivutia mimi. Kabla ya vita kulikuwa na ziara. Huku nyuma utawala wa gavana von Götzen ulikuwa umeanzisha tangu 1902 mashamba ya pamba ya lazima, ambako watu walilima kwa malipo yasiyofaa hata kutajwa. Nandete hawakungoja idhini ya Kinjikitile. Waling'oa. Yeye akakamatwa na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinashika moto. Vikaenea hadi Ungoni, na vilipokwisha 1907 waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, hukadiriwa kati ya elfu sabini na tano na laki tatu. Tofauti ya hesabu hizo mbili peke yake ni mji mzima wa watu ambao hatujui kama walikuwapo.

Basi la Mbagala hadi Kilwa huvuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, na baadaye huipita njia ya kuingilia Mohoro bila kupunguza mwendo. Nilimwuliza konda. Akanyoosha kidole dirishani: "Mohoro kulee." Nilipogeuka tulikuwa tumeshapita, na abiria wa mbele yangu alikuwa anabishana na mwenzake kuhusu Simba na Yanga.

Kilwa Kisiwani nilikwenda, nani afike Kilwa asiende? Nilichukua kibali Masoko, nikavuka kwa jahazi, nikauona msikiti mkuu na nguzo zake, Husuni Kubwa na lile birika lake la pembe nane, na Gereza waliloanzisha Wareno mwaka 1505. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji. Mimi nami nausifu, lakini kwa harakaharaka, kwa sababu mwenyeji aliyenitembeza alijua kila mwaka kwa moyo na sikupata nafasi ya kunyamaza hata dakika moja. Kuna mahali panahitaji kunyamaziwa.

Kivinje ndiko nilikokaa. Kama humjui Kivinje, ni mji ulioachwa na biashara yake na haukulalamika. Nyumba za zamani zenye milango ya kuchongwa, nyingine hazina tena paa, mti umemea sebuleni. Boma la Mjerumani linalomomonyoka likitazama bahari. Wanawake wanaanika dagaa. Hapa ndipo misafara ya pembe na watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilipoishia. Na hapa, penye kumbukumbu ya Mwembe Kinyonga, ndipo alipotundikwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Majimaji. Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu kama mwembe wenyewe bado upo. "Mwembe ulichoka," akasema, akaendelea kushona.

Huyo mzee ndiye aliyenirekebisha. Nilimwambia nafanya kama hija, kwenda Nandete kwa miguu.

"Hija ni Makka, mwanangu," akasema. "Hii yako ni ziara."

"Tofauti yake nini, mzee?"

"Hija unakwenda kwa sababu umeamrishwa. Ziara unakwenda kwa sababu unamdai mtu, au anakudai."

Kisha akaniita mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini hivi ambaye bibi yake mzaa mama anakaa huko vilimani, anifuatane naye. "Mwanamke hatembei peke yake, tena tembo wanashuka mashambani siku hizi." Tukakubaliana bei. Kijana alikubali kila kitu isipokuwa wazo lenyewe. "Dada, bodaboda zipo," aliniambia mara ya kwanza. Aliniambia tena mara kumi na tisa kabla hatujafika. Nilikuwa nahesabu.

Naungama: kipande cha barabara kuu, kutoka Nangurukuru hadi Njia Nne, tulipanda gari. Malori yanapita pale kama yamefungiwa breki za karatasi. Lakini kutoka Njia Nne, barabara inapoiacha lami na kuelekea Kipatimu, tukashuka tukaanza. Udongo mwekundu, vumbi laini kama unga wa ngano, mikorosho mikubwa iliyolaza matawi chini kama ng'ombe wanaopumzika. Ilikuwa Julai. Ufuta ulikuwa umeshavunwa, umefungwa mafungu na kusimamishwa wima juani, na mingine ilikuwa inapukutishwa juu ya maturubai. Kila tulipopita watu walitusalimu, nami kwa mazoea ya Nairobi nilikofanya kazi miaka minane nilikuwa naitikia huku natembea. Kijana akanivuta mkono.

"Dada, simama. Huku salamu inasimamiwa."

Kwa hiyo tukawa tunasimama. Shikamoo, marahaba, za huko mtokako, nzuri, wazima, wazima, mvua ziliwatosha? Mwanzoni nilihesabu dakika nilizopoteza. Kufika mchana nilikuwa naulizwa habari za mvua za Mombasa na ninajibu kirefu, mimi ambaye sijui hata mvua za masika zilianza lini. Mwanamke mmoja alitupa machungwa manane, akakataa hela. Vilima hivi vina machungwa ambayo sijapata kuyala popote, membamba wa ganda, na tuliyala tukitembea mpaka vidole vikanata.

"Kiswahili chako," kijana aliniambia, "kama redio."

"Vibaya?"

"Siyo vibaya. Ila unasema 'nipe maji'. Sema 'naomba maji'."

Usiku wa kwanza tulilala kwa bibi yake, kijiji kidogo kabla ya Kipatimu ambacho sitakitaja ili asije akasumbuliwa. Mwanamke mfupi, mkavu, macho makali, kanga mbili, sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali. Nilimpigia magoti nusu, akaniinua. "Marahaba mwanangu. Pole na safari. Na gari hamkuiona?" Kijana akacheka hadi akakaa chini.

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa nazi. Nikaenda kuoga nyuma ya nyumba. Niliporudi, kijukuu kimoja, mtoto wa kama miaka sita, alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya begi langu, ameshika chupa kwa mikono miwili, anamalizia funda la mwisho.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Mtoto aliangua kilio, chupa ikaviringika, bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani ni nyoka.

"Maji yangu," nikasema. "Amekunywa maji yangu."

"Maji?" Bibi akanitazama. "Mtungi ule pale, umejaa."

Hapo ndipo nililia. Si machozi ya adabu. Kilio chenyewe, cha kamasi, mbele ya watu nisiowajua, nikiwa nimefunga kanga ya kuazima. Mtoto alinyamaza kwa mshangao. Bibi akamwambia kijana awatoe watoto nje, akakaa mkekani, akaninyooshea miguu mbele yake, akangoja. Nikamweleza yote: presha, dawa zilizofungwa kwa mpira wa nywele, chupa kumi na tatu, mchungaji. Nikamwambia hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nikategemea aseme pole, au aseme wachungaji wa siku hizi ni wezi, maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshaniambia.

Aliuliza, "Moja shilingi ngapi?"

"Elfu tatu ya Kenya. Kama elfu hamsini na tano huku."

"Uuuh!" Akafikiri. "Na anayeuza alikuwa anakuja mwenyewe nyumbani?"

"Kila Ijumaa. Yeye au mmoja wa watu wake. Wanakaa, wanakunywa chai, wanaomba naye."

"Na dawa za hospitali, nani alikuwa anamletea?"

Nilikuwa nimezoea kuulizwa maswali na watu wa Nairobi, watu wenye shahada, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Dawa nilikuwa nazilipia mimi, kwa simu, kila mwisho wa mwezi. Kijana wa duka la dawa alizipeleka akaziacha mlangoni. Nilikuwa nampigia mama Jumapili jioni, dakika kumi, kumi na tano. Nilikuwa namwuliza, "Umemeza dawa?" naye anasema, "Nimemeza."

Sikumjibu bibi. Hakunilazimisha. Akaiokota ile chupa, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaiweka dirishani. Kisha akamwita mtoto, akamwambia aniombe radhi, na mtoto akasema kwa sauti ndogo kwamba maji yangu yalikuwa na ladha ya plastiki.

Siku ya pili tulipita Kipatimu, penye misheni na hospitali, njia inapanda na kushuka na magoti yangu yalikuwa yanajibizana. Kijana hakutaja bodaboda hata mara moja siku hiyo. Nadhani bibi alikuwa amemwambia kitu. Vilima vya Umatumbi si virefu, usidhani Kilimanjaro. Lakini vimekunjamana, kila ukimaliza kimoja kingine kinakungoja, na chini yake kuna mapango ambamo watu walijificha wakati wa vita. Nilielewa hapo jambo ambalo kitabu hakikunieleza: mtu anayetembea njia kama hii kwa siku kadhaa kwenda kunywa dawa, pamoja na jirani zake, analala kwa watu asiowajua, anasimama kila salamu, huyo ameshabadilika kabla hajaonja tone.

Nandete penyewe ni pakimya. Kuna mnara wa kumbukumbu, kuna mashamba, kuna kuku. Mzee mmoja, kofia ya viua, fimbo, alitukaribisha kivulini. Alituambia habari za waliong'oa miche ya kwanza, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, majina ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyaandika walipokuja kuwahoji wazee katika miaka ya sitini. Aliyataja kama mtu anayetaja majirani waliohamia kijiji cha pili. Kisha akaniambia ya babu yake, ambayo hayamo kitabuni. Baada ya vita hapakuwa na chakula, wakala ming'oko ya porini mpaka mashimo yakawa mengi kuliko miti, na babu yake, aliyekuwa mtoto, alizika wadogo zake wawili.

Nikamwuliza swali langu. Nilikuwa nimelibeba kutoka kidato cha tatu. "Mzee, samahani. Waliamini kweli kwamba maji yatazuia risasi?"

Akakaa kimya, nikaogopa nimemkosea.

"Wengine waliamini," akasema. "Wengine hawakuamini. Wakanywa wote."

"Kwa nini anywe asiyeamini?"

"Wenzio wote wamekunywa, wewe umekataa. Kesho Mdachi akija, utakimbilia nyumba ya nani?"

Alinyamaza, kisha akaongeza jambo ambalo nimelifikiria zaidi. Alisema watu huja, hasa wasomi, wakauliza habari za maji. "Hamuulizi habari za pamba. Pamba ndiyo ilikuwa ugonjwa." Kisha akataka kujua bei ya ufuta mnadani Kenya. Nilimwambia sijui kama kwetu kuna mnada wa ufuta. Akasikitika, na tukazungumza muda mrefu habari za stakabadhi ghalani, makato ya chama cha msingi, na malipo yanayochelewa, kijana akichangia kuliko mimi. Nadhani hayo ndiyo aliyotaka kuyazungumza tangu mwanzo.

Nilikuwa nimejipangia kusoma ukurasa wa mwisho wa tamthilia pale kwenye mnara, kwa sauti. Sikuusoma. Nilikumbuka Hussein mwenyewe alivyosema kwamba Kinjeketile wake ni wa sanaa, si yule wa historia, na nikaona haya kumsomea mtu habari za kwao kutoka kitabuni huku ananimenyea chungwa. Nilimwachia kitabu. Alikigeuza, akatazama jalada, akasema mjukuu wake yuko sekondari, atamsomea.

Kurudi tulipanda bodaboda. Ndiyo. Watatu kwenye pikipiki moja, kijana katikati, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Tulisimama kwa bibi kuaga. Chupa ilikuwa bado dirishani, lakini haikuwa tupu. Alikuwa ameijaza mbegu za ufuta za msimu ujao, akaifunga kifuniko kwa kitambaa ndani ili wadudu wasiingie. Picha ya mchungaji ilikuwa imetazama sebuleni, suti nyeupe, mikono juu.

"Huyu ndiye?" bibi akaniuliza.

"Ndiye."

Akamsogelea akamtazama vizuri, kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Ameshiba," akasema. Akaigeuza chupa, picha ikatazama nje, akaniuliza kama nimechukua machungwa ya njiani.